Buji ni mpya lakini moteri inatetemeka ku ralanti: shida inatafutwa wapi?

Asubuhi kamyonete iliingia ku garaji ikitembea, hata kama ilikuwa inakunywa esansi mingi. Magaribi inatoka na buji mpya, fili mpya na kofia ya delko mpya. Mwenye gari amelipa, anawasha, na moteri inaanza kutetemeka mpaka kioo cha ndani kinacheza. Akikanyaga esansi inatulia kidogo. Akiachilia, inataka kuzimika. Hapo ndipo kila mutu anakuwa fundi: mumoja anasema karburateri imechoka, mwingine anasema pompa, wa tatu anasema moteri ifunguliwe yote. Kisha siku tatu mwenye gari amenunua piesi ingine ya bei kali, na gari iko inatetemeka vilevile.

Mafundi wazoefu wanaanza na ulizo moja tu: kabla ya kazi, ralanti ilikuwa namna gani? Kama ilikuwa nzuri na imeharibika saa ile ile kazi ilipomalizika, karburateri haikuchoka kwa masaa mawili. Kosa iko ndani ya vitu vilivyoguswa, ao karibu navyo. Kama ilikuwa inatetemeka hata mbele, na buji zilibadilishwa kwa kubahatisha, ile ni habari ingine, na itazungumziwa mbele.

Maneno haya yanahusu magari ya esansi: Hilux za zamani, Land Cruiser za esansi, Peugeot 504 za kubeba mizigo zile zingali zinatembea, na pick-up za kisasa zenye injeksio. Fuso, Benz na makamyo mengine makubwa ya mazuti hayana moto wa buji. Buji zao ni za kupasha moto tu wakati wa kuwasha, esansi hazina, na mutetemeko wao unatafutwa kwa injekteri na kwa hewa iliyoingia mu mazuti.

Sababu gani shida inasikika ku ralanti kuliko mu mbio? Ralanti ni muzunguko wa chini, karibu mara 650 mpaka 900 kwa dakika kwa magari mengi ya aina hii. Kila silinda inawaka mara moja kwa mizunguko miwili. Kwa hiyo moteri ikizunguka mara 800, kila silinda inapaswa kuwaka mara 400 kwa dakika. Silinda moja ikinyamaza, kuna mashimo 400 kwa dakika, na moteri haina nguvu ya kutosha ya kuyaruka. Mu mbio, uzito wa volani unaficha ile shimo. Moteri ya silinda sita inaficha zaidi, ndiyo maana Land Cruiser inaweza kutembea wiki nzima na silinda moja imekufa, shoferi anasema tu "gari imelegea".

Kazi ya kwanza ni kujua kama ni silinda moja inayonyamaza ao ni zote zinazowaka vibaya. Sikio linasaidia. Mutu akisimama nyuma ya eshapema na kusikia "puf... puf... puf" yenye mupangilio, mara mingi ni silinda moja. Ikiwa sauti inakuja ovyo, bila mupangilio, mtu afikirie hewa, esansi ao avansi.

Kuna njia moja isiyoomba chombo chochote, na inafaa hata pembeni ya barabara. Moteri ikiwa imepoa kabisa, inawashwa na kuachwa kwa dakika moja ao mbili. Kisha matone ya maji yanadondoshwa kidogo kidogo juu ya kila tawi la eshapema fasi linatokea ku moteri. Tawi la silinda inayowaka litalia "tsss" na maji yatakauka mara moja. Tawi la silinda iliyonyamaza litabaki na maji juu yake. Matone tu, si kopo nzima: chuma chenye moto kikimwagiwa maji mingi kinaweza kupasuka.

Njia inayojulikana zaidi ni kutoa fili za buji moja kwa moja moteri ikiwa inazunguka. Ukitolewa moto wa silinda nzima, moteri inaanguka na kutetemeka zaidi. Ukitolewa moto wa ile iliyokufa, hakuna kinachobadilika. Njia hiyo ni ya kweli, lakini inafanywa vibaya ku garaji mingi. Ule umeme ni wa volti elfu kumi na kupita. Unarusha mutu nyuma, na mkono unaweza kuingia mu vantilateri ao mu mukanda. Fili inashikwa na koleo yenye mipini ya plastiki nzima, mikono mikavu. Tena fili haiachwe ikiningʼinia hewani, juu moto ukikosa njia unaweza kuua bobini ao ile module ya umeme. Inachomekwa ku buji ya zamani iliyolazwa juu ya chuma cha moteri. Na mwenye moyo unaosaidiwa na mashine ndani ya kifua asikaribie kabisa.

Kwa magari mapya ambayo kila buji iko na bobini yake, hakuna fili ya kuvuta. Kinachotolewa ni kichomeko kidogo cha umeme juu ya bobini, na kinatolewa moteri imezimwa.

Silinda ikijulikana, kosa linafuatwa kwa kubadilishana. Buji ya silinda ya 2 inapelekwa ku 4, ya 4 inakuja ku 2. Kama ugonjwa umehama pamoja na buji, buji ndiyo mbaya, hata kama imetoka mu karto leo. Kama umebaki ku 2, inabadilishwa fili, ao bobini kwa magari ya kisasa. Kitu kimoja kwa wakati. Fundi anayebadilisha vitatu pamoja hatajua kipi kilikuwa kibaya, na pengine anaongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Ndiyo maana piesi za zamani hazipaswi kutupwa siku ya kazi. Buji ya zamani iliyokuwa inawaka jana ni chombo kizuri sana cha kupimia: ikirudishwa na moteri ikatulia, jibu limepatikana bila kutoa hata franka moja.

Kitu kipya kinakuwaje kibaya? Buji ikianguka ku sima, porseleni yake inaweza kupasuka ufa mwembamba usioonekana, na moto unapitia pale. Nafasi kati ya ncha mbili inaweza kuwa imefungwa na pigo ndani ya karto. Toyota mingi za esansi za miaka ya 1980 na 1990 zinaomba milimita 0.8, zingine 1.1, inaandikwa mu kitabu cha gari, ao ku karatasi iliyobandikwa chini ya kapo. Wengi wanasema buji mpya "imekwisha kupimwa ku kiwanda" na hawaangalie. Inapimwa, zote. Halafu kuna buji za kuiga, zenye jina kubwa juu ya karto na bei ndogo. Maandishi yakifutika kwa kidole, ao ncha ya chini ikiwa imepinda upande, ile buji haistahili kuingia mu moteri.

Kufunga nako kuna shida yake. Kulasi ya moteri 22R ya Hilux ni ya aluminiamu, na aluminiamu ni laini. Buji inaanzishwa kwa vidole mpaka ishuke yenyewe, kisha kle. Buji mpya yenye ronde inaongezwa karibu nusu ya muzunguko ao kupita kidogo baada ya ronde kugusa chuma. Isipokazwa, hewa ya ndani inatoroka na silinda inadhoofika. Ikikazwa kwa nguvu za hasira, njia ya visi inaharibika, na hapo mwenye gari anatoka ku kazi ya buji na kuingia ku kazi ya kulasi.

Fili zinadanganya zaidi kuliko buji. Inasukumwa mpaka isikike "tak". Ile isiyolia tak haijafika. Fili ya zamani iliyovutwa kwa kushika kamba badala ya kushika kofia yake inakatika ndani, na inje inaonekana nzima. Multimetri inaonyesha: Toyota inaomba fili isipite oms 25,000. Hata bila kujua hiyo namba, fili tatu zikionyesha kitu karibu sawa na ya ine haionyeshi kitu, ya ine imekatika. Na usiku, mu giza ya kweli, kapo ikifunguliwa moteri ikizunguka, moto unaotoroka unaonekana ukiruka kama radi ndogo za buluu.

Halafu kuna kosa ambalo linaonea mafundi wachanga haya, na ndiyo maana hawataki kuliangalia: fili zimewekwa fasi isiyo yake. Moteri za silinda ine za Hilux zinawaka kwa mupangilio wa 1-3-4-2. Silinda sita za Land Cruiser ya esansi, kama 3F na 1FZ, ni 1-5-3-6-2-4. Mupangilio huo unafuatwa ku delko kwa upande rotori inakozunguka, na ndani ya 22R rotori inazunguka kama mishale ya saa. Fundi asiyejua anafungua kofia, mwenziwe anapiga demareri kidogo, upande unaonekana.

Angalia kinachotokea mutu akijua namba lakini akizifuata upande wa kinyume. Ataweka 1-2-4-3. Kumbe silinda ya 1 na ya 4 zimeanguka fasi yao, ni ya 2 na ya 3 tu zimebadilishana. Moteri inaweza kuwaka kwa silinda mbili, inatetemeka vibaya, inapiga risasi mu eshapema ao inarudisha moto mu karburateri, na kila mutu anasema "si inawaka? fili ziko sawa". Haziko sawa. Tena Toyota inahesabu silinda ya 1 upande wa vantilateri, wakati Peugeot za zamani zinahesabu kuanzia upande wa volani. Fundi aliyezoea moja anaweza kupotea ku ingine. Dawa ni ndogo: kutoa na kurudisha fili moja moja, ao kuzipiga foto na telefone mbele ya kugusa.

Kama silinda zote zinawaka lakini moteri haitulie, macho yaende ku avansi. Mutu akilegeza delko ili afikie visi moja, na delko ikazunguka hata kidogo, moto unakuja mapema ao unachelewa. Ikichelewa, ralanti inaanguka, gari inakosa nguvu na inapata moto kupita kawaida. Ikikuja mapema sana, demareri inagonga na moteri inalia kama misumari ku mupando. Alama ya patasi ao ya rangi kati ya mwili wa delko na moteri, iliyowekwa mbele ya kulegeza, inaokoa siku nzima. Isipowekwa, inatakiwa taa ya kupimia avansi, na ile diriti ndogo ya delko ikitolewa na kuzibwa ikiwa kitabu cha gari kinaomba hivyo. Magari yenye visi platini yana kitu kingine: nafasi ya platini, karibu milimita 0.4 ao 0.5 kwa mingi, ikibadilika inabadilisha pia avansi. Kwa hiyo platini inapangwa kwanza, avansi nyuma.

Sasa ile sehemu ambayo ni ya hatari kuliko zote, na ndiyo isiyozungumziwa sana.

Ili kufikia buji na delko, mikono inasukuma diriti. Boksi ya filtre ya hewa inatolewa, diriti zake zinachomoka, moja inasahauliwa chini. Moteri ya esansi inanyonya hewa kwa nguvu ku ralanti. Tundu ndogo nyuma ya karburateri inaingiza hewa isiyopimwa, esansi inakuwa kidogo kwa ile hewa, na moteri inatetemeka sawasawa kama yenye buji mbaya. Ndiyo maana watu wengi wanabadilisha buji mara ya pili.

Diriti kubwa kuliko zote kati ya zile inaenda ku servo ya freni. Ikitoka, ikipasuka ao kola yake ikilegea, moteri inatetemeka, na pedali ya freni inakuwa nguvu kama kukanyaga jiwe. Freni bado ziko, lakini zinaomba nguvu mingi ya muguu, na shoferi asiyejua anafikiri hazipo. Mu mitaa ya Bukavu mutu anaweza kusimama hata hivyo. Ku escarpement ya Ngomo, ku barabara ya kushuka Kamanyola, na mizigo nyuma na bonde pembeni, ni habari ingine kabisa. Na hata kama diriti ni nzima, ralanti inayozimika ovyo inaleta hatari ile ile, juu moteri ikizimika, servo inabaki na akiba ya kukanyaga mara moja ao mbili tu, kisha pedali inakuwa nguvu.

Kuipima haichukue dakika mbili. Moteri ikiwa imezimwa, pedali inakanyagwa mara tano ao sita mpaka iwe ngumu. Muguu unabaki umekanyaga, moteri inawashwa. Pedali ikishuka kidogo yenyewe chini ya muguu, servo inanyonya. Isiposhuka, gari isitoke ku garaji, hata kama abiria wamekwisha kupanda.

Tundu la hewa linatafutwa kwa kipande cha diriti: upande mumoja ku sikio, upande mwingine unazungushwa karibu na viungo, na pale hewa inapoingia inasikika "fsss". Kurashia maji kidogo kidogo ku viungo pia kunasaidia. Sauti ya moteri ikibadilika, tundu liko pale. Lakini kuna garaji ambazo zinamwagia esansi ili kusikia moteri ikipanda. Juu ya eshapema yenye moto na fili zinazorusha cheche! Gari zimewaka hivyo, na mafundi pamoja nazo.

Ikiwa buji, fili, delko na diriti vyote viko sawa, buji zenyewe zinatolewa baada ya moteri kuzunguka dakika kumi, na zinasomwa. Rangi ya kahawa yenye maziwa ni nzuri. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria: esansi ni mingi kupita hewa. Nyeupe: esansi ni kidogo, ao hewa inaingia fasi. Yenye maji ya esansi: silinda haikupata moto. Yenye mafuta ya moteri: segma ao supapi zimechoka, na hapo buji hazikuwa na kosa tangu mwanzo. Ikiwa silinda iko na moto na esansi na bado imenyamaza, inabaki kupima kompresio, juu supapi iliyoungua ao juwenti ya kulasi iliyopasuka haiponyeshwi na buji, hata zikinunuliwa karto mbili.

Nyeusi zote ine si kila mara ugonjwa. Uvira iko pembeni ya Tanganyika, chini ya metre 800 juu ya bahari. Bukavu iko karibu 1,500. Huku juu hewa ni nyepesi, lakini karburateri haijui. Inatoa esansi karibu sawa na kule chini. Gari iliyopangwa ralanti Uvira itakuwa nzito na nyeusi ikifika Bukavu, na iliyopangwa Bukavu inaweza kuwa kavu na kutetemeka ikishuka. Visi ya ralanti na ile ya mchanganyiko zinaguswa mwisho kabisa, moteri ikiwa na moto wake wa kawaida. Kuzigusa mbele ni kuficha kosa: moteri inapandishwa mpaka mutetemeko usisikike, esansi inaisha, na silinda iliyokufa iko palepale.

Magari ya injeksio yanajipanga yenyewe kwa urefu wa milima, lakini yana tabia zake. Batri ikitolewa wakati wa kazi, ordinateri inaweza kusahau ralanti iliyojifunza, na moteri inatembea ovyo kwa muda, mpaka ijifunze tena. Taa ya moteri ikiwaka, mashine ya kusoma makosa inasaidia: P0300 ni silinda zinazokosa moto bila kuchagua, P0301 ni silinda ya 1, P0302 ya 2, hivyo hivyo. Namba inaonyesha silinda, haisemi "nunua bobini". Taa ikiwaka na kuzima bila kukoma, gari ipunguzwe mbio na isimamishwe mapema, juu esansi isiyowaka iko inaunguza katalizeri. Na kabla ya kulaumu bobini mpya, shimo la buji liangaliwe: mafuta yakivuja kutoka ku kifuniko cha supapi na kujaa mule, yanaharibu kofia ya bobini, na mpya itakufa kama ya zamani.

Inabaki esansi yenyewe. Mara mingi gari inapotoka ku garaji inapita kwa kadafi wa kwanza kujaza lita mbili tatu, na mutetemeko unaoanza kilometre moja mbele hauna uhusiano na kazi ya fundi. Esansi kidogo inawekwa mu chupa ya kuonekana ndani na kuachwa itulie kwa robo saa. Maji yatashuka chini na musitari utaonekana. Kama yapo, tanki na kikombe cha karburateri vinamwagwa, filtre inabadilishwa, na buji zinakaushwa na kurudishwa zile zile.